Miaka Sita Niliyomzidishia Raya

Nilisema uongo nikiwa na udhu. Naanza na hilo ili msihangaike kunitafutia sababu.

Mimi ni maalim wa chuo huku upande wa Ole, nasomesha watoto Kurani tangu ndevu zangu nyeusi. Raya, binti wa Bi Mize, alipozaliwa mimi ndiye niliyemuadhinia sikioni. Nani aliyejua umri wake kunishinda? Miaka kumi na tano!

Akaja wakala wa kupeleka watu kazi Arabuni, kanzu imepigwa pasi, tasbihi ndefu kuliko ibada yake.

"Maalim, mtu kama wewe hujaiona Makka? Aibu yetu sisi vijana! Umra yako juu yangu."

Nikalia kwa furaha. Mzee mzima!

Wiki ya pili akarudi na karatasi. Nishuhudie kwamba Raya ana miaka ishirini na moja. "Saini tu, Maalim. Mama yake kesharidhia."

Bi Mize aliridhia kwa sababu aliambiwa mwanawe anakwenda kujifunza kushona.

Nikatia saini. Raya akapelekwa Arabuni, nami nikaenda Umra, nikaizunguka Kaaba nikimshukuru Mola kwa riziki. Riziki! Ile ilikuwa rushwa iliyovaa ihramu.

Haukupita muda, sauti ya Raya ikafika kwenye simu ya mama yake. Kanyang'anywa pasipoti, analala jikoni, na mwenye nyumba anamwambia kwamba kamnunua. Bi Mize akakimbilia ofisi ya serikali kushitaki. Ofisa akamwonesha karatasi yangu: "Mtu mzima huyu, kaenda kwa hiari. Maalim wenu kashuhudia."

Nikaenda mwenyewe kwa ofisa yule kuifuta kauli yangu. Ukutani pana tangazo jipya la kupinga biashara ya kusafirisha watu, linang'aa. Chini yake wakala kakaa, anakunywa chai na ofisa!

"Nilidanganya," nikasema. "Yule ni mtoto."

Ofisa akacheka. "Mlimkuza wenyewe, sasa mwataka tumdogoshe? Jalada limeshafungwa, mzee wangu."

Wakala akaweka kikombe chini. "Shikamoo Maalim. Mola katakabali Umra?"

Wanyonge wa nafsi wale! Lakini nani aliyewapa kalamu? Mimi.

Nilimweleza Bi Mize yote. Hakunitukana, laiti angenitukana. Aliniuliza tu, "Maalim, Raya mwenyewe ulimuuliza?"

Sasa simu ya Raya haipatikani. Nimesimama msikitini baada ya sala ya Ijumaa nikasema niliyoyafanya. Wengine walitazama mikeka. Namshukuru Mungu kwa pumzi hii aliyoniachia, nami nitabisha hodi kila ofisi mpaka jalada lifunguliwe.

Enyi mnaoaminiwa, masheha, walimu, wazee! Siku ile kalamu ikiwa mkononi, Raya alipita kibarazani kwangu na ndoo kichwani, akaniamkia kwa adabu. Nikaikunja ile karatasi haraka asiione.

Mkijikuta mnaikunja karatasi, ichaneni papo hapo.