Meza Aliyoisubiri Njambi

Mama yangu mdogo, Njambi, ambaye wengi walimwita Mama Kibe kwa jina la mwanawe, hakuwahi kukaa ibada nzima. Mkate na kikombe vya Meza ya Bwana vilipoanza kupitishwa, alijifanya anatafuta kitu mkobani, kisha huyo nje. Nilimwona dirishani akizunguka uwanjani, anaokota karatasi zisizomhusu.

Alikuwa mke wa pili wa baba yangu, Njuguna. Mama yangu, Nyawira, ndiye aliyefunga ndoa kanisani, kwa hiyo alishiriki. Kanisa letu la Dagoretti lina sheria yake: mke wa pili ataimba, atafagia, atapika chai ya wageni, lakini mezani hafiki mpaka amwache mume au mume afe. Ukiniuliza mimi, aliyeitunga hakufikiria mwanamke huyo akipiga magoti ataomba nini.

Njambi aliuza supu karibu na kichinjio. Asubuhi moja, akibabua vichwa vya mbuzi, alisikia akiitwa kwa jina. Akageuka, hakuna mtu. Tangu siku hiyo hakutulia. Aliacha sufuria motoni akaenda kuombea wagonjwa. Aliwasomea wachuna ngozi Injili wakiwa na visu mkononi, nao walimsikiliza.

"Mungu ameniita, na watu wake wananizuia," alimwambia mama. "Sasa nifuate nani?"

"Kwani mimi ndio niliandika hiyo sheria?" mama akamjibu, akaendelea kuchambua mchele.

Kisha baba akaugua figo. Miaka miwili Njambi alimwogesha na kumlisha. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba analia kwa hasira.

"Leo nimehesabu miezi imebaki mpaka Pasaka, wakati kanisa linapokea washiriki wapya," akaniambia. "Unajua nilikuwa nangojea nini kifike kabla ya hapo?"

Nilijua.

Baba alikufa Januari. Wiki haikuisha kabla ya mzee wa kanisa, Wainaina, kuja na fomu. "Mama Kibe, pole sana. Lakini sasa hakuna kitu inakuzuia. Pasaka tunakupokea." Na akatabasamu! Nilitaka kumfukuza na mwiko. Njambi alitia sahihi.

Siku ya Pasaka alisimama mbele, kitambaa cheupe kichwani. Mchungaji akamuuliza, kama utaratibu unavyotaka, "Unatubu maisha uliyoishi na marehemu Njuguna?"

Njambi alikunja ncha ya kitambaa, akaikunjua, akaikunja tena. Nilimwomba kimoyomoyo aseme ndiyo, neno moja tu, tuende nyumbani.

"Natubu kwamba nilihesabu miezi," akasema. "Kuishi na Njuguna siwezi kutubu. Nilimpenda."

Mchungaji akawatazama wazee. Wazee wakatazama viatu vyao. Njambi akageuka, akaanza kutembea kuelekea mlangoni.

Ndipo mama yangu alipoinuka safu ya mbele. Alikwenda mezani, akachukua mkate kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo kwetu mshiriki hafanyi, akamfuata mke mwenzake katikati ya kanisa na kumwekea kiganjani.

"Kula, Mama Kibe," akasema, na sauti ikasikika mpaka nyuma. "Mimi miaka kumi nilimwomba Mungu ufe, na kila Pasaka walinipa."