Mkanda wangu wa bunduki umefungiwa mbuzi

Nina hasira, hata chai haipiti.

Nimehangaika sana kuchagua mkanda wa bunduki ya kulengea shabaha. Wa nailoni unateleza. Huu wa ngozi unashika mkono, bunduki inatulia kabisa.

Leo asubuhi, siku ya mashindano, siuoni.

Nikapiga bila mkanda. Nimekuwa wa mwisho.

Narudi nyumbani Shirimatunda, nyuma ya zizi kuna mbuzi. Amefungwa kwa mkanda wangu, na ameshautafuna.

Baba mdogo ndiye aliyeshuka naye jana kutoka Machame. Utamgombeza baba mdogo? Nikamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Huyu ndiye ndafu wa kukupongeza, tutamchoma mzima.”

Majirani wamejaa uani, wanauliza kombe liko wapi.

Nyie mngejibu nini?