Kabineti wa Ukutani

Enzi za koroboi, kule Uriri, nyumba nyingi zilikuwa na picha moja tu, ya kalenda. Kwa dani, nyanya yangu, zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa ya mtoto wa Kizungu wa karne ya kumi na tisa, amesimamishwa studio kando ya kiti, gauni la lesi, viatu vya vifungo, na uso wa mtu aliyenyimwa uji. Dani alikuwa mpishi wa mmishonari, naye ndiye aliyemwachia. Tulimwogopa mtoto huyo kuliko mwalimu. Ukilamba sukari, ulimpa mgongo kwanza.

Nilipozaliwa, nililia siku tatu. Kwetu mtoto akilia hivyo, hutajiwa majina ya waliokufa. Analonyamazia ndilo lake. Walitaja mababu wote, wakaingia na ukoo wa mama, nami nikazidisha. Dani, pumzi zimemwisha, akainua macho akasoma, kwa matamshi yake, neno la Kizungu lililochapishwa chini ya ile picha: Kabineti. Nikanyamaza. Labda nilikuwa nimechoka tu.

Shuleni nilikiona cha mtema kuni. Mwalimu aliniuliza mbele ya darasa mimi ni waziri wa wizara gani. Nilimlilia dani anibadilishie jina, hata Otieno tu lingenitosha.

"Mtoto wa watu ametoka mbali hivyo akakujia," akasema, "na viatu vyake. Sasa umfukuze?"

Nikarudi shuleni na jina langu.

Mwaka jana binti yangu Akinyi, ambaye hata akisonga ugali simu iko mkononi, aliipiga picha ile picha na kuiuliza simu habari zake. Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe zamani picha zote za kipimo kile ziliitwa kabineti.

"Baba," akasema, "wewe umeitwa saizi ya picha."

Niliumia, sitadanganya. Miaka yote hiyo nilidhani nimebeba mtu, kumbe nimebeba kadibodi.

Juzi Akinyi alijifungua Homa Bay. Mtoto alilia siku mbili, majina yote yakatajwa, hata la dani mwenyewe. Nilikuwa kwenye simu nilipomsikia binti yangu akinong'ona kwa aibu, "Kabineti?"

Kimya.

Vijana wa leo wana maelfu ya picha simuni, na hakuna hata moja wanayoiogopa. Sisi tulikuwa na moja, ya mtoto tusiyemjua, na nyumba nzima ilimtii. Nawaonea huruma kidogo.

Akinyi sasa anaitaka ile picha. Nilimwuliza, si anayo kwenye simu? Akasema hapana, anataka ya ukutani, na nisisahau msumari.