Nguzo Inayotafuna Njugu

Kwangu Kibera njugu haziliwi tena. Dada yangu akisikia ganda likivunjika, anatoka nje bila viatu, na mimi namfuata.

Kabla hajahamia kwangu alikuwa na saluni Kawangware 46, chini kabisa ya ghorofa, na alikuwa akilala nyuma ya pazia. Landlodi alitoboa nguzo ya saluni ili kipande cha zege kikapimwe. Kililetwa maabara ninakofanya kazi, kifupi, kinene. Mashine ikakifinya weee, kikagoma kuvunjika. Landlodi akaenda zake akipiga mluzi.

Mimi nilikasirika, maana kipande kifupi kinadanganya. Mabamba ya chuma ya mashine hukibana juu na chini, kinakosa nafasi ya kufura katikati, basi kinaonekana kigumu kuliko kilivyo. Nikasumbua watu hadi kikaletwa kirefu, kutoka nguzo ileile.

Kile kirefu kilianza kulia mapema. Ta. Ta-ta. Kikapasuka kutoka juu hadi chini, mzigo ukiwa bado mdogo.

Kabla sijazima mashine, dada akapiga simu.

"Daktari wa mawe! Kuja uone, nguzo yangu inatafuna njugu." Alikuwa anacheka. Nilitoka mbio.

Nilimkuta anafagia nywele. Tundu moja la nguzo alikuwa ameliziba na kipande cha sabuni ya kufulia. Sabuni ilikuwa imechomoza nje kama ulimi.

"Nani ameitoa?"

"Sijui. Nikiirudisha, inatoka tena."

Niliweka sikio. Ta. Ta-ta.

"Toka humu. Saa hii."

"Ai, we nawe! Si mashine ilisema iko sawa?"

"Mashine ilikuwa imekishika kile kipande juu na chini. Hapa nguzo nani anaishika?"

Juu yetu mtu aliburuta kitanda. Sabuni ikasogea, tukiiangalia. Kicheko kikamwisha. Nilimvuta mkono, akaniponyoka, akapanda ngazi mbio akigonga milango.

"Tokeni! Jameni, tokeni!"

Nilimwita hadi sauti ikakauka. Watu waliteremka na watoto na masufuria, yeye hayumo. Niliogopa vile sijawahi kuogopa. Wote walikimbilia barabarani. Mimi nilirudi ndani ya saluni, nikaikumbatia ile nguzo, nikaibana kwa mikono yote miwili, huku nikiihisi ikifura.