Kuvumwani Chini ya Nyama

Mwalimu mkuu alimpa msichana mtihani wa hisabati asubuhi ileile aliyofika na mamake, akamkatia dakika arobaini, akausahihisha papo hapo, kisha akamwambia mamake kwamba akili ya binti huyo imeganda. Msichana alikuwa nje ya shule miaka mitatu. Walikuwa wametoka Bute hadi Garissa juu ya lori, na vumbi la safari lilikuwa bado kwenye nyusi zao. Waraka wa serikali unaomruhusu msichana aliyeozwa au kuzaa kurudi darasani umo kwenye faili ya mkuu mwenyewe.

"Muhula ujao tutaangalia nafasi," alisema.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mimi niliyemfundisha biolojia Kidato cha Pili, na nikanyamaza. Sitajisingizia adabu. Hata mwaka ule ukame ulipowamalizia mifugo naye akaozwa, nilisema "inshallah atarudi", nikaendelea kusahihisha vitabu.

Uani msichana aliniuliza, "Mwalimu, ile kuvumwani yangu mliitupa?"

Nilikuwa nimeisahau. Katika safari yetu ya shule ya kwenda mlima wenye baridi, alibandua kutoka kwenye jiwe kipande cha mmea ule mfupi uliojitandaza kama zulia, akakifunga kwa gazeti, akakiweka kwenye friza ya maabara ili aone kitaishi muda gani. Aliondoka kabla ya kuona. Baadaye walimu wenzangu waliigeuza friza kuwa bucha.

Tuliikuta kuvumwani chini kabisa, chini ya nyama ya ngamia. Iliganda na kuyeyuka na kuganda tena kila stima ilipopotea. Ilikuwa na rangi ya majani ya chai yaliyochujwa.

"Weka maziwa na sukari, mwalimu," naibu wa mkuu alinitania. "Itakuwa chai nzuri."

Kwa joto la Garissa, mmea kama huo hukauka kabla hujageuza shingo. Msichana ndiye aliyepata mahali: beseni lililopasuka, chini ya mabomba ya kutawadhia, upande wenye kivuli. Hakuna aliyehitaji kukumbushwa kumwagilia. Wasichana walitia udhu, maji yakadondoka, mara tano kwa siku.

Mama na binti walikaa kwa shangazi wa msichana mtaani Waberi. Kila adhuhuri msichana alikuja kuswali, kisha akachuchumaa kando ya beseni. Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Wiki ya tatu, hakuna kitu, na mamake akanishika mkono: "Abaayo, dada yangu, niambie ukweli. Nimrudishe nyumbani?" Nilimwomba asubiri, na nilikasirika kwamba ilibidi nimwombe yeye, ambaye hakuwa na kosa.

Wiki ya sita zilitokea nukta za kijani, ndogo kama ncha za sindano.

Kuvumwani haina mizizi ya kuipoteza. Baridi ikija, hutoa maji kutoka ndani ya seli zake na kubakiza sukari inayozilinda, ikajifunga kimya. Ikipata maji tena, kipande kidogo tu cha jani au shina chaweza kuanzisha mmea mzima. Ipo iliyofukiwa na barafu kwa karne nyingi ikachipuka. Niliyafundisha hayo miaka yote, kwa chaki, kwa sauti tulivu, kana kwamba hayamhusu mtu yeyote.

Nilibeba beseni hadi ofisini, nikaliweka juu ya meza ya mkuu.

"Ni nini hii?"

"Iliganda miaka mitatu."

"Mwalimu, mmea ni mmea."

"Ndiyo. Na mmea ulipewa wiki sita, na maji mara tano kwa siku. Mtoto wa watu ulimpa dakika arobaini."

Aliyatazama maji yaliyovuja kwenye karatasi zake. "Ondoa uchafu huu. Nimesema muhula ujao."

Nililirudisha beseni chini ya mabomba. Kisha nilimshika msichana mkono, nikampeleka darasani mwangu, Kidato cha Tatu, nikampa dawati la mbele. Mkuu ameniandikia barua mbili. Sijazijibu.

Jina lake halimo katika rejista. Kila asubuhi nikifika mwisho wa orodha nalisoma kwa sauti, dirisha likiwa wazi upande wa ofisi, naye anaitika.