Mrushaji Apakwa Hina

Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, manyunyu yakianguka bila kupunguza joto, nilikuwa saluni moja ya Usagara nikisubiri zamu yangu. Mbele yangu alikaa bi harusi akipakwa hina viganjani. Somo yake, yaani mama aliyemfunda, alisimamia kila ua lililochorwa.

Wakaingia wenzake wa timu ya besiboli ya wanawake, mabingwa wa mkoa mwaka huu. Bi harusi ndiye mrushaji wao.

"Mwakani kombe letu tena," mmoja alisema. "Mombasa unakoolewa si mbali, ukipita mpaka wa Horohoro umefika. Siku za mechi utakuja, sivyo shoga?"

Bi harusi alimtazama somo.

"Mumewe ameshasema," somo alijibu. "Akivuka mpaka, mipira basi. Nanyi mwacheni, msimlize bure."

"Haya, adake wa mwisho," alisema mwingine, na kwa mazoea akamrushia mpira.

Mikono ya bi harusi iliinuka. Somo akakohoa. Mikono ikarudi taratibu juu ya mto, na mpira ukabingirika chini ya benchi. Hakuna aliyeuokota.

"Hapa penye sugu," mchoraji alimsifu, "hina itakolea kuliko kote."

Wachambuzi wetu wa michezo huipima nafasi ya timu hii kutetea ubingwa kwa kutazama ratiba na hali ya uwanja. Wangepita saluni kwanza. Besiboli huchezwa na watu tisa. Waliotoka mlangoni walikuwa wanane.