Vitabu Visivyoazimwa

Mvua ya Agosti hapa Eldoret huanza saa nane mchana, na ukiona saa tisa imepita bila kunyesha, ujue inajipanga. Huo ndio mwezi ambao shule zimefungwa na maktaba yetu, yenye ukumbi mmoja mkubwa na vyumba viwili vidogo nyuma, hujaa watoto. Wazazi huwaleta kwa sababu hakuna kiingilio, na kwa sababu mtoto aliye maktaba hayuko barabarani. Tunawakalisha kwenye mikeka, wakubwa wanawasomea wadogo kwa sauti, halafu Ijumaa kunakuwa na mashindano. Imekuwa hivyo tangu kabla sijaajiriwa. Na tangu kabla sijaajiriwa, paa limekuwa likivuja.

Nataka nilieleze hilo paa vizuri, maana watu wakisikia paa linavuja hufikiria tundu. Tundu ungeliona, ukaliziba, yakaisha. La kwetu, maji huingia mahali fulani karibu na upande wa choo, yanatembea juu ya mbao za dari, kisha yanateremka yanakotaka. Mwaka huu yanadondokea meza ya magazeti, mwaka ujao yako kwenye kona ya watoto. Mzee wetu, ambaye ni mlinzi, fundi, mkata nyasi na mfungua milango, wote wakiwa mtu mmoja, alipanda huko juu kila Juni na kopo la lami. Anapaka kila msumari anaoushuku, anashuka, anasema, "Sasa hiyo nimeimaliza." Hakuimaliza hata mara moja. Mabati yenyewe yalikuwa yamechoka. Kila mwaka tuliwaandikia wakubwa wetu wa kazi barua, na kila mwaka walitujibu kwamba wameipokea.

Mwaka ninaouzungumzia walijibu tofauti. Mgeni mkubwa angekuja kufungua wiki ya watoto, kwa hivyo walitutumia rangi. Siyo mabati. Rangi, ya ukuta wa mbele, ule unaoonekana kutoka barabarani. Nilikasirika siku nzima. Kesho yake nikaulizwa nichague, krimu ama kijani, na nikasahau kwamba nilikuwa nimekasirika. Nilichagua krimu. Nasema haya mapema ili mtu asidhani wakosaji walikuwa wakubwa peke yao.

Julai, dari la chumba cha nyuma likaanza kuvimba. Humo ndimo tulimoweka vitabu vya zamani, vingine vya kuazimwa, vingine vya kusomewa palepale tu. Mkuu wetu akaniambia nivihamishe kabla dari halijafunguka. Shida ni kwamba havikuweza kutoshea vyote kwingine. Rafu moja ingebaki chini ya ule uvimbe, na lazima kuwe na vitabu vya kukaa hapo. Sasa, mkutubi ana njia yake ya kuamua jambo la namna hiyo, na ndiyo niliyofundishwa chuoni. Unafungua jalada la nyuma, unaangalia karatasi ya tarehe. Kitabu chenye mihuri mingi kina wenyewe. Kitabu chenye karatasi safi hakina mtu. Ni njia nzuri, haina upendeleo, na inakwenda haraka sana. Nilimaliza kazi yote kwa siku moja. Sikukigeuza hata kitabu kimoja kuangalia mbele kimeandikwa nini. Vyenye karatasi safi nikavipanga kwenye rafu mbaya, Mzee akavifunika kwa karatasi ya nailoni, na mkuu akanisifu mbele ya wenzangu kwa wepesi wangu.

Hakuna aliyejiuliza, na mimi niliyepaswa kujua kuliko wote sikujiuliza, kitabu kisichoruhusiwa kutoka mlangoni kingepata wapi muhuri wa kuazimwa.

Kati ya hivyo vya karatasi safi kulikuwa na albamu ya picha za wiki ya watoto, za miaka ya nyuma. Ilikuwa imejalidiwa kwa kitambaa cha buluu, sawasawa na ripoti zilizokuwa ubavuni mwake ambazo sijawahi kumwona mtu akizisoma. Albamu yenyewe ilikuwa na msomaji mmoja tu.

Alikuwa mama wa makamo, mkulima wa viazi kutoka Burnt Forest. Msichana wake, akiwa na miaka tisa, alikaa likizo moja ya Agosti kwa shangazi yake, mtaa wa Kapsoya hapa mjini. Akaja kusoma katika maktaba yetu, na akapigwa picha pamoja na wenzake. Miezi michache baadaye zikaja zile vurugu za uchaguzi. Nyumba yao ilichomwa na kila kilichokuwa ndani. Msichana hakuguswa na moto. Alikufa kambini walikokimbilia, ndani ya hema, kwa nimonia. Picha zake zote zilikuwa zimeungua na nyumba, na miaka mingi ilipita kabla shangazi hajakumbuka kwamba kule maktaba watoto walipigwa picha.

Mama alipokuja mara ya kwanza, mimi ndiye niliyemtafutia albamu, nikamwekea mezani, nikarudi kwenye shughuli zangu. Tangu hapo alikuja kila Agosti, Jumatano moja, kwa miaka saba. Anaacha kitambulisho kwangu, anakaa na albamu kama saa moja, anairudisha kwa mikono miwili. "Asante madam, nimemwona," anasema, na anaenda kutafuta gari la kumrudisha kwao.

Mwaka mmoja alikuja na mpwa wake mwenye simu nzuri, akaomba apigiwe ile picha aende nayo. Nikamwonyesha tangazo lililo ukutani kwamba ni marufuku kupiga picha ndani ya maktaba. Akauliza kama anaweza kuibeba mpaka duka la kutoa kopi, pale ng'ambo ya barabara tu, dakika tano, mpwa wake abaki hapa kama dhamana. Nikamweleza kwa ule upole wa mtu anayejua sheria iko upande wake. Kitabu cha aina hiyo hakitoki, nikasema, maana kikitoka leo kwa dakika tano, kesho kitatoka kisirudi.

"Hapa iko salama, Mama," nikamwambia.

"Ni sawa madam. Nyinyi ndio mnajua."

Alikubali upesi hivyo. Ni mmoja wa wale watu ambao ofisi ikisema hapana, wanaona aibu kwa kuuliza. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia nimefanya kazi yangu.

Mvua ya mawe ilitupiga wikendi kabla ya wiki ya watoto. Jumatatu asubuhi tulikimbilia chumba cha nyuma, tukakuta dari limeshikilia. Mzee alicheka, akaligonga lile dari kwa fimbo ya ufagio. Ile nailoni ilikuwa kavu juu. Ni harufu iliyotufanya tuifunue. Maji hayakuwa yamepita kwenye uvimbe kabisa. Yalikuwa yameteremka na ukuta, nyuma ya rafu, yakaingia chini ya nailoni na kukaa humo, pengine kwa wiki kadhaa, na nailoni yetu ndiyo iliyoyazuia yasikauke. Vitabu vyote vya rafu hiyo vilikuwa vimevimba vikakabana, mpaka tulilazimika kuving'oa.

Nilipoona kitambaa cha buluu chenye upana tofauti na ripoti, niliitambua. Niliibeba albamu mpaka jikoni kwetu tunakopikia chai, nikajifungia nayo. Nilijaribu kila nilichokijua. Nilitia karatasi za kunyonya maji kati ya kurasa, nikaielekezea hita, nikachukua kisu cha siagi na kujaribu kuachanisha kurasa mbili. Kila ilipoachana, rangi ya picha ilibaki kwenye kisu. Huwezi kutengeneza kitu kama hicho. Nilichofundishwa chuoni kuhusu kutunza picha kingenifaa Julai.

Mgeni mkubwa alikuja Jumanne. Alisema machache kuhusu umuhimu wa kusoma, akausifu ukuta wetu wa mbele, akapigwa picha akiwa na watoto. Tangazo la marufuku lilikuwa nyuma ya kichwa chake. Niliangalia kamera zikiwaka nikasikia hasira ikinipanda mpaka masikioni, halafu nikakumbuka kwamba mlinzi mkali wa tangazo hilo kwa miaka yote nilikuwa mimi.

Na Jumatano mama akaja. Alikuwa amevaa koti lake zito la kijani na kitambaa safi kichwani, kwa maana alivaa vizuri kwa ziara hiyo kama anayekwenda kanisani. Watoto walikuwa wanasoma kwa sauti, chumba kizima kinavuma. Alinipa mkono, akanisalimu, akaniulizia watu wa kwetu, kule ziwani nilikotoka, kama wamevuna. Halafu akatoa kitambulisho. Nilikuwa nimejiandaa usiku mzima, nina maneno yangu yamepangwa, na yaliyonitoka siyo niliyoyapanga.

"Mama, imepelekwa Nairobi kushonwa upya."

Alifurahi. Hilo ndilo sijaweza kulizoea mpaka leo. Alifurahi kabisa.

"Mmefanya vizuri. Mgongo ilikuwa imeanza kulegea. Mimi niliona mwaka jana nikanyamaza, nikaogopa mtasema ni mimi nimelegeza. Itarudi lini?"

"Labda wiki ijayo."

Kwa nini nilisema wiki ijayo? Ningesema mwaka ujao, woga wangu ungepata mwaka mzima wa kujificha. Nilisema wiki ijayo kwa sababu uso wake ulikuwa umekaa hivyo, na nilitaka ukae hivyo mpaka avuke mlango. Jumatano iliyofuata alirudi. Alikuwa ameacha watu wakichimba viazi peke yao, akapanda gari mpaka mjini na kutembea kutoka stendi kwenye matope. Nikamwambia bado. Akasema hakuna shida, kazi nzuri haitaki haraka, atarudi.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni anakung'uta mkeka. Mama alipotoka, Mzee alikuja mpaka kwenye meza yangu. Kwa kawaida hupiga hodi kwanza.

"Huyo mama unamfanya nini?"

"Nitamwambia, Mzee."

"Lini? Mimi nilizika mtoto. Hiyo kitu unafanya ni mbaya kuliko maji."

Alirudi kwenye mikeka yake, na kwa siku zilizobaki hakuninywesha chai, yeye ambaye ndiye aliyekuwa akinimiminia kikombe cha kwanza kila asubuhi.

Jumatano ya tatu ilikuwa ya mwisho ya likizo. Mama alipofika sikungoja salamu zimalizike. Nilimpeleka kwenye meza ya dirishani, nikavuta kiti, nikakaa karibu naye.

"Mama, nilikudanganya. Albamu haikuenda Nairobi. Maji iliingia kwa rafu, ikaharibika. Na ni mimi nilikuwa nimeiweka hapo."

Nilitamani anitukane.

"Yote?"

"Yote."

"Ilete."

Niliileta ikiwa ndani ya taulo. Ilikuwa imekauka wakati huo, imekunjamana, nzito kuliko zamani. Hakulia. Aliifungua mahali pake bila kutafuta, kama mtu anavyojua swichi ya taa nyumbani kwake. Kurasa zilizoganda zilipasuka kidogo. Palipokuwa na picha palikuwa na doa la waridi na manjano, na kwenye pembe moja, wazi kabisa, kiatu cha mtoto wa mtu mwingine. Aliweka kidole mstari wa mbele.

"Alikuwa hapa. Wa pili kutoka huku." Alikiacha kidole hapo. "Unajua kwa nini nilikuwa nakuja kila mwaka? Sura yake inanitoroka. Nikikaa mwaka mzima inaanza kuchanganyika na ya dada yake mdogo. Nikiona picha, inarudi, naenda nayo nyumbani. Inakaa mpaka kama Aprili."

Niliomba msamaha, na msamaha wenyewe nilivyousikia ukitoka mdomoni ulikuwa kitu kidogo cha aibu. Yeye aliupungia mkono, siyo kuukataa wala kuupokea, alikuwa na haja nyingine kabisa. Aligeuka, akanishika kiganja.

"Lakini wewe umekuwa ukiishika miaka hii yote. Wewe ndio ulikuwa unanifungulia. Hebu nikumbushe, alikuwa anacheka, ama alikuwa amefunga mdomo? Kulikuwa na jino imetoka hapa mbele. Nimeshinda wiki mzima nikijaribu, sikumbuki kama ilionekana."

Jibu lilikuwa limekaa tayari kwenye ulimi. Alikuwa anacheka, Mama, pengo lilionekana vizuri. Lingemfaa. Angelibeba mpaka Burnt Forest na pengine lingekaa kupita Aprili. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya Jumatano mbili, na huyu sasa alikuwa anataka kumjenga mtoto wake kwa maneno yangu.

"Sijui, Mama," nikasema. "Sikuwahi kumwangalia."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Aliachia mkono wangu taratibu. Aliifunga albamu, akaikunja ndani ya taulo vizuri, pembe kwa pembe, akanisukumia.

"Basi nimebaki mimi peke yangu," akasema, "na mimi nimeanza kusahau."